Siku London ilipotabiriwa nyuzi 40

Ijumaa ya tarehe 15 Julai 2022, Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, ilitangaza tahadhari nyekundu ya joto kali. Tahadhari ya namna hiyo haikuwahi kutolewa nchini humo. Utaratibu wenyewe wa kuwatahadharisha watu kuhusu joto ulikuwa umeanza Juni 2021 tu, na rangi nyekundu ilikuwa bado haijaguswa. Eneo lililohusika lilianzia London likapanda hadi Manchester na York, na siku zilizotajwa ni Jumatatu na Jumanne za wiki iliyofuata. Kilichowafanya watu wasome tangazo mara mbili ni namba zake: uwezekano wa asilimia 80 kwamba rekodi ya joto ya taifa ingevunjwa, na asilimia 50 kwamba mahali fulani kipimajoto kingefika nyuzi 40.

Rekodi iliyokuwapo ilikuwa nyuzi 38.7, iliyopimwa katika bustani ya mimea ya Cambridge tarehe 25 Julai 2019. Kabla yake kulikuwa na 38.5 ya Faversham, Agosti 2003, na kabla ya hapo 37.1 ya Cheltenham, Agosti 1990. Yaani kwa miaka 29 rekodi ilipanda kwa nyuzi 1.6. Sasa watabiri walikuwa wanasema mruko wa kiasi hicho huenda ukatokea mchana mmoja.

Msomaji wa Garissa au Lodwar hatashtuka sana kusikia nyuzi 40, na ndugu zetu wa Muscat huziona 45 mara kwa mara kiangazi kikikolea. Lakini mkazi wa Dar es Salaam asiharakishe kucheka. Dar, pamoja na jasho lake lote la Januari na Februari, haifiki 40. Bahari haiiruhusu. Upepo wa baharini ukianza kuvuma kabla ya adhuhuri, joto linagota kwenye 32 au 33 na kubaki hapo, na ndiyo maana utabiri wa joto la juu la Dar unaweza kurudia namba ileile siku kadhaa mfululizo usikosee kwa kiasi cha kumkera mtu. Taabu ya Pwani ni unyevu na usiku usiopoa. London haina kizuizi hicho cha bahari. Wakati wa kiangazi, joto la mchana wake linaweza kuwa 19 leo na 33 keshokutwa, na mtabiri anatakiwa aone tofauti hiyo ikiwa bado iko mamia ya kilomita baharini au ng'ambo ya mlango wa bahari, Ufaransa.

Wengi hawakuamini. Watabiri wa televisheni na wa Met Office walipokea matusi mitandaoni, wakaambiwa wanatia chumvi, wanatisha watu, wamenunuliwa. Hoja iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1976. Waingereza wenye umri mkubwa wanaukumbuka ule kiangazi kama wazee wetu wanavyokumbuka mwaka wa njaa: siku 15 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 32 mahali fulani Uingereza, maji yakigawiwa kwa mgao mitaani. “Mbona tulipona?” Kweli walipona wengi. Lakini joto la juu kabisa la mwaka ule, lililopimwa Cheltenham tarehe 3 Julai, lilikuwa 35.9. Watabiri walikuwa wanazungumzia nyuzi nne zaidi ya hapo, na nyuzi nne kwenye ncha ya juu ya kipimajoto si sawa na nyuzi nne za katikati.

Namba hiyo ilitoka wapi, basi?

Anayetaka kukisia joto la London la kesho haanzi London. Anaanza Hispania, Ghuba ya Biskaya na magharibi ya Ufaransa, kwa sababu hewa itakayokuwa juu ya mto Thames mchana wa kesho leo iko huko. Katikati ya Julai 2022 kulikuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Ulaya magharibi. Hewa iliyo chini ya mgandamizo kama huo hushuka taratibu, na hewa ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto. Mawingu hayajengeki. Jua linachoma tangu alfajiri hadi usiku wa saa tatu. Pembezoni mwa mgandamizo huo, upepo wa kusini ulikuwa unabeba hewa ya Rasi ya Iberia kuelekea kaskazini. Jumatatu tarehe 18 mji wa Nantes ulifika nyuzi 42.0, na Brest, mji ulio kwenye ncha ya Bretagne ukitazama Atlantiki, ulifika 39.3. Brest! Mji wa ukungu na makoti ya mvua. Aliyekuwa kwenye zamu ya utabiri usiku ule, katika makao makuu ya Met Office mjini Exeter, hakuhitaji kompyuta kujua kwamba kinachokuja si joto la kawaida.

Hatua ya pili ni kupanda juu. Mara mbili kwa siku, saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za Greenwich, vituo vingi duniani hurusha puto lililofungwa kifaa kidogo cha kupima joto, unyevu na mgandamizo. Nairobi hurushwa kutoka Dagoretti Corner. Mtabiri wa joto hupenda sana kipimo cha kimo cha kama mita 1,500. Sababu ni kwamba huko juu hakuna lami, hakuna kivuli cha mti, hakuna jiko la jirani. Kinachopimwa ni hewa yenyewe. Kisha anafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Mchana jua likishachemsha ardhi, hewa ya chini hupanda na ya juu hushuka hadi tabaka lote hilo linachanganyika, na hewa kavu inayoshuka huongezeka joto karibu nyuzi moja kwa kila mita 100. Basi kama kule juu ni nyuzi 23, ongeza 15 upate 38, kisha ongeza moja au mbili kwa ajili ya ardhi inayochemka. Kanuni hii ni ya zamani kuliko kompyuta za utabiri, na hadi leo mtabiri mzoefu huitumia kuihoji kompyuta yake.

Lakini ile “ongeza moja au mbili” ndiyo yenye mambo. Nishati ya jua ikigonga ardhi yenye unyevu, sehemu kubwa inatumika kuvukiza maji. Ardhi ikiwa kavu, karibu nishati yote inageukia hewa. Ni habari ya sufuria: moto uleule ulioshindwa kuiunguza ikiwa na maji utaitoboa maji yakikauka. Julai 2022 ilikuwa Julai kavu kuliko zote kwa England tangu 1935. Nyasi za bustani za London zilikuwa rangi ya majani makavu ya mahindi, na picha za setilaiti zilionyesha kusini ya nchi imebadilika kutoka kijani kuwa kahawia. Modeli ya kompyuta inayodhani udongo una maji yasiyokuwapo itatabiri joto pungufu, na itakosea hivyo siku baada ya siku hadi mtu aisahihishe.

Halafu kuna mawingu. Utandu mwembamba wa wingu la juu, hata usiozuia kivuli kuonekana, unaweza kupunguza nyuzi mbili ukipita saa nane mchana. Ukipita saa mbili usiku hauna maana yoyote. Kuna mwelekeo wa upepo: upepo wa mashariki ukivuta hewa ya Bahari ya Kaskazini kupitia mdomo wa Thames, mashariki ya jiji inaweza kuwa nafuu wakati magharibi inaungua. Na kuna saa ya kuwasili kwa hewa baridi. Tarehe 19 ile, hewa ya Atlantiki ilikuwa tayari inasukuma kutoka magharibi. Swali la mtabiri halikuwa kama joto lingevunjika bali kama lingevunjika kabla ya kilele au baada yake, na tofauti hiyo ilipimwa kwa saa, si kwa siku.

Hata ukiwa na majibu yote hayo bado kuna swali ambalo watu wa nje ya fani hulisahau: joto la London, lakini la wapi? Jiji halina kipimajoto kimoja. Kuna Heathrow kando ya njia za ndege, kuna Kew kwenye bustani, kuna St James's Park hatua chache kutoka ikulu ya Buckingham, kuna Northolt na vingine. Kinachopimwa katika vituo hivi ni hewa ya kivulini ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vilivyoinama, kilichosimama juu ya nyasi, kipimajoto kikiwa mita 1.25 kutoka ardhini. Wengi tulikiona shuleni, kimezungushiwa uzio mfupi kando ya uwanja, na mwalimu wa Jiografia akikataza kukisogelea. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Kipimajoto cha gari lililoegeshwa juani kikisema 46, hicho kimepima gari. Lami ya barabarani, paa la bati, jiko la mgahawa wenye feni moja, vyote vina joto lake, na mfanyakazi aliyemo humo ndilo joto analolijua. Utabiri haumpi hilo. Unampa la kisanduku.

Jiji lenyewe pia linaongeza lake. Mtu wa kwanza kulionyesha kwa vipimo alikuwa Luke Howard, mfamasia wa London, yuleyule aliyewapa wanasayansi majina ya mawingu wanayoyatumia hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliandika joto la kila siku, akalinganisha katikati ya jiji na mashambani, akakuta kwamba jiji linazidi hasa usiku. Mawe na matofali yanakunywa jua mchana na kulitapika usiku. Kwa hiyo anayetabiri joto la juu la siku wakati wa wimbi la joto lazima aanze na joto la chini la usiku uliotangulia: siku ikianza na 25 badala ya 17, jua lina kazi fupi. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Julai kulikuwa na vituo ambavyo havikushuka chini ya 25.

Haya yote, kuanzia hewa ya Hispania hadi tofali la London, leo yanahesabiwa na kompyuta, na inafaa kukumbuka ilivyoanza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Lewis Fry Richardson, Mquaker aliyekataa kubeba silaha, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa nyuma ya mstari wa mbele nchini Ufaransa. Katika mapumziko alijaribu kutabiri kwa kalamu na karatasi hali ya hewa ya saa sita tu, ya siku iliyokwisha kupita, tarehe 20 Mei 1910, kwa kutatua milinganyo ya mwendo wa hewa. Ilimchukua wiki kadhaa. Jibu lilikuwa kichekesho: mgandamizo wa hewa upande wa Munich ungepanda kwa milibari 145, jambo lisilowezekana, kwa kweli siku ile haukubadilika kitu. Daftari lake lilipotea vitani na likaja kuokotwa miezi baadaye nchini Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Alilichapisha kama kitabu mwaka 1922, jibu bovu likiwamo, na humo akawaza ukumbi wa watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja ili kuikimbiza hali ya hewa. Kosa halikuwa la milinganyo. Takwimu za kuanzia zilikuwa na mtikisiko mdogo ambao hesabu ziliukuza.

Tatizo la takwimu za kuanzia halijaisha, limezoeleka tu. Tangu 1992 vituo vikubwa, kikiwamo cha Ulaya chenye makao yake Reading, havitoi tena utabiri mmoja. Vinaendesha modeli ileile mara nyingi, cha Reading siku hizi mara 51, kila mara vikibadilisha kidogo sana hali ya mwanzo, kama kukiri kwamba hakuna anayejua hewa ya dunia ikoje sasa hivi kwa ukamilifu. Nakala 51 zikikaribiana, mtabiri anapumua. Zikitawanyika, anajua yuko gizani. Asilimia 50 ya nyuzi 40 iliyotangazwa ile Ijumaa ilitokana na hesabu za aina hiyo. Wanaosema utabiri ni kupiga ramli wangepaswa kuangalia jambo hili kwanza, maana mpiga ramli hakwambii ana uhakika kiasi gani.

Hapa ndipo penye kiini cha ugumu, na kwa maoni yangu ndipo pasipoelezwa vya kutosha. Siku za kawaida, utabiri wa joto la juu husahihishwa kwa takwimu. Modeli ikitoa 24 kwa Heathrow, programu nyingine inaangalia miaka iliyopita: modeli iliposema 24, kipimajoto kilisema ngapi? Kama kwa wastani kilisema 25, basi ongeza moja. Njia hii ilianza kutumika Marekani miaka ya 1970 na imeokoa makosa yasiyohesabika. Lakini inajifunza kutoka siku zilizokwisha kuonekana. Ukiipa siku ambayo haina mfano, haina pa kuilinganisha; kwa kawaida itaivuta irudi kwenye yale inayoyajua. Na binadamu aliyekaa mbele yake anafanya vivyo hivyo. Amefundishwa kwamba namba isiyowahi kuonekana huenda ni kosa la kompyuta. Mara nyingi ni kosa kweli. Zaidi ya wiki moja kabla ya tarehe 19, modeli ya Marekani ilikuwa imeanza kuchora nyuzi 40 na ushei juu ya Uingereza, na wataalamu wengi walilipokea hilo kama kituko cha kompyuta.

Aliyetaka onyo alikuwa nalo, la mwaka mmoja tu nyuma. Mwishoni mwa Juni 2021, Portland, jimbo la Oregon, mji wa miti mirefu na mvua za rasharasha ambako nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi, ulikuwa na rekodi ya nyuzi 107 za Farenhaiti, sawa na 41.7 zetu. Jumamosi tarehe 26 ulifika 108. Jumapili, 112. Jumatatu, 116, yaani 46.7, joto ambalo hata Dallas ya Texas haijawahi kulifikia. Mgandamizo mkubwa uliokaa juu ya eneo hilo ulikuwa sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ilikuwa upepo wa mashariki ulioteremka milima ya Cascade, ukiongeza ile nyuzi moja kwa kila mita 100 njia nzima hadi bondeni. Modeli zilikuwa zimeziona namba hizo siku kadhaa kabla. Shida ilikuwa kuziamini, na hakuna anayestahili kulaumiwa sana: ungeambiwa rekodi ya miaka mingi itapitwa kwa nyuzi tisa za Farenhaiti, ungeuliza mara ngapi? Nyaya za umeme za tramu ziliyeyuka. Kaskazini zaidi, kijiji cha Lytton nchini Kanada kilifika 49.6 tarehe 29 Juni na kesho yake kikateketea kwa moto. Kilichomaliza joto la Portland ni hewa ya Pasifiki, iliyoingia jioni ya Jumatatu na kushusha kipimajoto kwa kasi. Ingewahi saa sita mapema, 116 isingeandikwa popote.

Nadhani Portland iliwasaidia watu wa Exeter kusema walichokisema. Walikuwa pia na kazi yao wenyewe ya kuegemea. Mwaka 2020 watafiti watatu wa Met Office, Nikolaos Christidis, Mark McCarthy na Peter Stott, walikuwa wamekokotoa kwamba katika tabianchi ya sasa uwezekano wa kufika nyuzi 40 nchini humo katika mwaka wowote ni kati ya 1 kwa 300 na 1 kwa 100, na kwamba bila gesi tunazozimwaga angani ingekuwa kitu cha mara moja kwa maelfu ya miaka. Mwaka huohuo shirika lilitengeneza utabiri wa kubuni wa siku moja ya Julai 2050, ili kuwaonyesha watu kiangazi cha wajukuu wao kitakavyofanana. Ramani hiyo ilipowekwa kando ya ramani halisi ya Julai 2022, zilifanana mno.

Jumatatu ilipita bila rekodi ya taifa kuvunjwa. Kipimo cha juu kilikuwa 38.1, Santon Downham, Suffolk, na wale wa 1976 wakapata usiku mmoja wa kufurahi. Jumanne asubuhi joto lilipanda mapema mno. Heathrow ilikuwa imekwisha kusoma 40.2 saa saba kasoro dakika kumi mchana, wakati kwa kawaida kilele cha Julai huko huja alasiri. Na hadi jua linazama kituo hicho hakikuongeza hata sehemu ya kumi. St James's Park nayo ilisoma 40.2. Kew 40.1. Mkanda wa hewa moto ulikuwa unahamia mashariki na kaskazini, na alasiri Coningsby, Lincolnshire, ilisoma 40.3. Hiyo ndiyo rekodi hadi leo: 38.7 ongeza 1.6. Vituo 46 vilifikia au kuipita rekodi ya zamani siku ileile moja. Wapo wanaolalamika kwamba Coningsby ni kambi ya ndege za kivita. Met Office iliukagua usomaji huo na kuuthibitisha, na hata ukiutupa, bado utabaki na Heathrow, St James's Park na Kew.

Namba hizo zilitumika. Njia ya reli ya kutoka King's Cross kwenda York na Leeds ilifungwa Jumanne tangu saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na uamuzi huo ulifanywa kutokana na utabiri, kabla ya kipimajoto kupanda. Reli za Uingereza hufungwa zikiwa zimenyooshwa ili zitulie bila kusukumana chuma kikiwa na nyuzi 27, na chuma kilicholala juani kinaweza kuzidi hewa kwa nyuzi 20. Piga hesabu. Minyororo ya daraja la Hammersmith la enzi za Malkia Victoria, ambalo chuma chake cha kutupwa kilikuwa na nyufa, ilifungwa karatasi za fedha zinazorudisha jua. Upande wa mashariki ya jiji, kijiji cha Wennington kiliunguliwa na nyumba kadhaa baada ya nyasi kavu kushika moto, na kikosi cha zimamoto cha London kilikuwa na siku yake yenye kazi nyingi kuliko zote tangu Vita Kuu ya Pili. Kesho yake, tarehe 20, waendeshaji wa gridi walilazimika kununua umeme kidogo kutoka Ubelgiji kwa zaidi ya pauni 9,700 kwa megawati-saa ili kusini mashariki ya London isizimike. Na vifo: katika vipindi vya joto vya kiangazi kile, mamlaka ya afya ilikadiria karibu watu 3,000 zaidi ya kawaida walikufa England, wengi wao wazee waliokuwa ndani ya nyumba zilizojengwa kushikilia joto lisitoke.

Sasa kuna modeli za akili bandia, ambazo hazitatui milinganyo ya Richardson kabisa. Zimelishwa hali ya hewa ya dunia tangu 1979 na zinakisia kesho kwa kuangalia jana, kwa dakika moja badala ya masaa. Kituo cha Reading kilianza kuitumia ya kwake rasmi Februari 2025. Siku nyingi zinaipita fizikia. Lakini watafiti waliozijaribu kwenye siku za rekodi wamekuta zinakadiria joto pungufu, na kwamba modeli za kale bado zinaongoza pale ambapo kinachokuja hakijawahi kutokea. Haishangazi. Ni ugonjwa uleule wa takwimu za miaka ya 1970, sasa ukiwa na kompyuta kubwa zaidi. Dawa inayotajwa zaidi ni kuziendesha zote mbili na kuweka mtu wa kuzisoma zinapotofautiana, nami sijaona iliyo bora.

Juni 2025 Met Office ilichapisha hesabu mpya. Uwezekano wa kufika nyuzi 40 nchini humo umekuwa zaidi ya mara 20 ya ulivyokuwa miaka ya 1960, na ndani ya miaka 12 kuanzia hapo ni nusu kwa nusu kwamba namba hiyo itaonekana tena. Katika maelfu ya majira ya kiangazi waliyoyaigiza kwa kompyuta kwa tabianchi ya leo, siku iliyopanda kuliko zote ilifika 46.6. Hiyo haikutabiriwa kwa tarehe yoyote. Imewekwa ili wahandisi na hospitali wajue wapangie nini. Mtabiri wa zamu pia ana faida nayo. Usiku ambao nakala kadhaa kati ya zile 51 zitachora 43 juu ya bonde la Thames, atakuwa na pa kuangalia kabla ya kuzifuta.